Ateri: Mshipa wa damu wenye jina la hewa

Mwuguzi anapomfunga mgonjwa kitambaa cha mashine ya presha juu ya kiwiko, anataka kujua damu inasukuma kwa nguvu kiasi gani ndani ya mshipa mmoja mkubwa wa mkono. Mshipa wa aina hiyo, unaochukua damu moyoni na kuisambaza mwilini, Waingereza huuita "artery" na Wafaransa "artère". Vitabu vya sayansi vya Kiswahili vinauita ateri.

Majina hayo matatu ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao ni neno la Kigiriki, arteria. Lakini Wagiriki waliolitumia mwanzoni hawakuwa wakizungumzia damu. Kwao arteria lilikuwa jina la koo la hewa, lile bomba gumu linalopitisha pumzi kwenda mapafuni.

Neno la hewa lilifikaje kwenye mshipa wa damu? Jibu lake ni historia ya kosa la kitabibu lililodumu kwa miaka zaidi ya 400, likasahihishwa, na bado likaacha alama yake katika kila hospitali ya leo. Kwa watu wa Afrika Mashariki historia hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu kosa linalofanana nalo bado linaishi katika baadhi ya nyumba zetu, na linagharimu maisha.

Bomba lililokutwa tupu

Wataalamu wa lugha hawajakubaliana kuhusu asili ya neno lenyewe. Wapo wanaolihusisha na aer, yaani hewa. Wengine, na hoja yao ina nguvu zaidi, wanalitoa katika kitenzi chenye maana ya kuinua au kutundika, kwa kuwa mapafu yanaonekana kama yametundikwa kwenye koo la hewa. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichozaa jina la aota, ateri kubwa kuliko zote, inayoanzia moyoni.

Kosa lenyewe si gumu kulielewa. Aliyewahi kusimama karibu na mchinjaji anajua kwamba kisu kikipita shingoni mwa mbuzi hukata koo la hewa, umio unaopitisha chakula, na mishipa mikubwa ya damu iliyo pembeni. Damu ikishamalizika kutoka, mtu akiukagua moyo na mabomba yake ataona tofauti ya wazi. Mishipa mingine ina kuta nyembamba. Imelala kama mfuko usio na kitu, au ndani yake mna damu iliyoganda. Mingine ina kuta nene. Ukiikata inabaki wazi, duara kama mpira wa kumwagilia bustani, na ndani yake ni peupe.

Leo sababu yake inajulikana. Kuta za ateri zina misuli na zinavutika. Moyo unapopiga kwa mara ya mwisho, kuta hizo hujibana na kuisukuma damu iliyobaki upande wa pili, kwenye vena, ambazo ni mishipa inayorudisha damu moyoni. Kwa hiyo katika maiti nyingi vena huwa na damu, na ateri huwa karibu tupu.

Wagiriki wa kale walitegemea sana wanyama waliochinjwa na mizoga ili kujua yaliyomo mwilini. Walipoona mabomba magumu, yaliyo wazi na yasiyo na damu, walifikiri walichoweza kufikiri: haya ni matawi ya koo la hewa. Wakayapa jina lake.

Roho ndani ya mishipa

Praxagoras, tabibu wa kisiwa cha Kos aliyeishi katika karne ya 4 K.K., anakumbukwa kwa kutenganisha aina hizo mbili za mishipa. Alisema vena hubeba damu na ateri hubeba pneuma. Neno pneuma kwa Kigiriki lina maana ya hewa, pumzi na pia roho. Mzungumzaji wa Kiswahili halimtatizi neno la namna hiyo. Nasi husema mtu amekata roho, na kwa maneno hayo tunaeleza pumzi iliyokoma na uhai ulioondoka kwa pamoja.

Mwanafunzi wa Praxagoras, Herophilus, alifanya kazi Alexandria, pwani ya Misri, mji ambao katika karne ya 3 K.K. uliruhusu kupasua maiti za binadamu kwa ajili ya elimu. Herophilus aliona kwamba ukuta wa ateri ni mnene kuliko wa vena mara nyingi, na alipima mapigo yake kwa saa ya maji. Yeye alikubali kwamba ndani ya ateri mna damu pia. Mwenzake wa zama zile, Erasistratus, alishikilia kwamba ateri nzima haina kitu isipokuwa pneuma.

Swali la kumuuliza Erasistratus lilikuwa rahisi. Ikiwa ateri ina hewa tu, mbona askari akikatwa upanga damu inaruka? Alikuwa na jibu. Alisema ateri ikitobolewa, pneuma hutoroka, pengo hubaki, na damu kutoka kwenye vena hukimbilia kulijaza pengo hilo kupitia vijia vidogo visivyoonekana kwa macho. Jibu hilo lilikuwa la werevu mkubwa, nalo lilikuwa kosa. Hata hivyo, vijia vyenyewe vipo. Ndivyo kapilari, na vilikuja kuonekana kwa hadubini karibu miaka 1,900 baadaye.

Nyuzi mbili za Galen

Aliyeivunja hoja ya hewa ni Galen, aliyezaliwa mwaka 129 katika mji wa Pergamon, ambao leo uko Uturuki. Kabla ya kuwa tabibu wa watawala wa Roma, aliwatibu wapiganaji waliokatana panga mbele ya watazamaji, kwa hiyo damu ya ateri aliifahamu vizuri.

Jaribio lake lilikuwa fupi. Alifichua ateri ya mnyama aliye hai, akaifunga kwa uzi sehemu mbili, kisha akaikata katikati ya mafundo hayo. Kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa zimefungwa, hakuna damu ambayo ingeweza kukimbilia pale kutoka mahali pengine. Ndani yake alikuta damu. Damu ilikuwamo tangu mwanzo.

Galen naye aliacha makosa yake. Alifundisha kwamba damu hutengenezwa kwenye ini na kutumiwa na mwili ikaisha, na kwamba hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu vya ukuta wa katikati. Mafundisho hayo yalitawala kwa zaidi ya miaka 1,000 katika nchi za Kiarabu na Ulaya.

Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, tabibu mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, aliandika kwamba ukuta huo hauna vitundu. Damu, alisema, hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni na kuchanganyika na hewa, ndipo hurudi upande wa kushoto. Maandishi yake yalisahaulika kwa karne nyingi, hadi mwaka 1924 tabibu wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoyakuta katika maktaba ya Berlin.

Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba damu huzunguka. Hoja yake kubwa ilikuwa ya hesabu. Alikadiria kiasi cha damu kinachotoka kwa kila pigo la moyo, akakizidisha kwa idadi ya mapigo, akaona kwamba kwa nusu saa tu moyo hutoa damu nyingi kuliko iliyomo mwilini. Basi haiwezi kuwa inatengenezwa na kuisha. Ni ile ile inayorudi. Kwa vipimo vya leo, moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 kwa dakika, na damu yake yote ni karibu lita hizo hizo. Mwaka 1661 Mwitaliano Marcello Malpighi aliangalia pafu la chura kwa hadubini na kuziona kapilari zinazounganisha ateri na vena. Mduara ukakamilika.

Mpangaji alichukua jina la mwenye nyumba

Wakati ukweli unajulikana, jina lilikuwa limekwisha kukaa. Warumi walilichukua arteria kutoka kwa Wagiriki, Wafaransa wakalirithi kutoka Kilatini, na Waingereza walilipata mwishoni mwa karne ya 14. Hakuna aliyelibadilisha.

Jambo la kuchekesha kidogo lililipata koo la hewa, mwenye jina halisi. Ili kulitofautisha na mabomba mengine, Wagiriki waliliita arteria tracheia, maana yake arteria yenye mikwaruzo, kwa sababu ya zile pete ngumu zinazoshikika kwa kidole shingoni. Baadaye arteria ikabaki kwa mishipa ya damu peke yake, na koo la hewa likaachiwa sifa tu. Ndiyo asili ya neno "trachea" la Kiingereza, au trakea. Bomba la pumzi linaitwa "yenye mikwaruzo", na bomba la damu linatembea na jina la pumzi.

Lugha ya tiba imejaa masalia ya aina hiyo. Ateri mbili kubwa za shingoni zinazopeleka damu kichwani huitwa karotidi, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi mzito, kwa kuwa watu wa kale walijua kwamba anayebanwa hapo hupoteza fahamu. Neno malaria limeundwa kwa maneno mawili ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya. Watu waliamini ugonjwa huo unaletwa na mvuke wa mabwawa, hadi vimelea vyake vilipoonekana kwenye damu ya mgonjwa mwaka 1880, na mwaka 1897 Ronald Ross alipovikuta ndani ya mbu. Leo tunasema malaria na kutundika chandarua. Jina linataja hewa, lakini mikono yetu inajua adui ni mbu.

Somo la kwanza ni hilo. Jina linaweza kubeba kosa la kale bila kumdhuru mtu, mradi wanaolitumia wameliacha kosa lenyewe.

Mshipa: neno moja, kazi nyingi

Kiswahili kina neno lake, mshipa, na neno hilo ni pana. Mshipa unaweza kuwa ateri au vena. Unaweza kuwa neva, ambao huitwa mshipa wa fahamu. Wapo wanaolitumia hata kwa kano, ile kamba inayoshikilia msuli kwenye mfupa. Ukisikia kwamba mtu "ana mshipa", mara nyingi anayesemwa ana ngiri au busha. Na asiye na aibu tunasema amekatika mshipa wa haya, ambao hakuna daktari aliyewahi kuushona.

Upana huo si wa Kiswahili peke yake. Umutsi wa Kinyarwanda na Kirundi nao huchukua mshipa wa damu na kano kwa jina moja. Wagiriki walikuwa vivyo hivyo. Neno lao neuron, lililozaa neva, kwanza lilikuwa jina la kano na la uzi wa upinde. Walianza kuutenga mshipa wa fahamu na kano huko Alexandria, baada ya kupasua na kufuatilia kila uzi ulikoelekea. Lugha hutenganisha pale ambapo kazi imedai kutenganisha.

Hospitali inadai hivyo kila siku. Presha hupimwa kwenye ateri. Dripu huwekwa kwenye vena, na damu ya kupimwa maabara kwa kawaida hutolewa kwenye vena pia. Mgonjwa anayesema "mshipa unanivuta" anaweza kuwa anazungumzia mguu wenye damu iliyoganda, neva iliyobanwa mgongoni, au ngiri. Mwuguzi mzuri hasahihishi neno la mgonjwa. Anauliza: unavuta wapi, unaanzia wapi, unaishia wapi, pamevimba au hapakuvimba?

Barabarani, tofauti hiyo hupimwa kwa dakika. Damu ya vena huwa nyeusi kidogo na hutiririka kwa utulivu. Damu ya ateri huwa nyekundu inayong'aa na mara nyingi huruka kwa kufuata mapigo ya moyo. Dereva wa lori au wa bodaboda aliyekatika ateri kubwa ya paja anaweza kufariki ndani ya dakika chache. Msaada wa kwanza ni kulikandamiza jeraha kwa nguvu, kwa kitambaa safi au kwa kiganja ikibidi, bila kuachia kila mara ili kuchungulia, huku akitafutiwa usafiri wa kumfikisha hospitali.

Hewa ambayo haijaondoka

Lipo eneo moja ambalo Afrika Mashariki bado inajadiliana na Erasistratus bila kujua. Mtu akiamka mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea na maneno hayatoki sawasawa, wapo watakaosema amepigwa na upepo mbaya. Upepo huo si wa baridi tu. Katika Kiswahili pepo na upepo ni maneno ya ukoo mmoja, na upepo mbaya ni jini au kitu kilichotumwa. Mgonjwa hupelekwa kwanza kuombewa, kusomewa au kufukizwa, na hospitali hufuata siku ya pili au ya tatu.

Hicho ni kiharusi, na chanzo chake kimo ndani ya ateri. Ubongo hulishwa na ateri nne, mbili za karotidi mbele na mbili zinazopita ndani ya mifupa ya shingo. Tawi mojawapo likizibwa na damu iliyoganda, au likipasuka, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilitegemea hukosa oksijeni na huanza kufa ndani ya dakika. Kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huongoza wa kushoto, mtu hupooza upande mmoja. Hali hiyo ya nusu mwili ndiyo iliyowafanya wengi wadhani mkono usioonekana umempiga.

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni ile presha ambayo mwuguzi huipima pale juu ya kiwiko. Damu ikisukuma kwa nguvu kupita kiasi mwaka baada ya mwaka, kuta za ateri huchakaa, hukakamaa, na siku moja huziba au kupasuka. Mara nyingi mwenyewe hasikii chochote. Ndiyo maana wagonjwa wengi huacha dawa wanapojiona wazima, wakiamini dawa ya presha ni kama ya malaria, unameza unapoumwa na unaacha ukipona.

Dalili za kiharusi hazihitaji mashine. Mwambie mtu atabasamu, uone kama uso umeshuka upande mmoja. Mwambie ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unaanguka. Mwambie aseme sentensi fupi, usikie kama ulimi unakwama. Moja tu kati ya hayo likitokea ghafla, ni hospitali mara moja, maana tiba ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa katika saa chache za mwanzo tu. Asipewe chakula wala maji njiani, kwa sababu huenda hawezi kumeza vizuri na vikampalia. Mwenye kutaka kumwombea mgonjwa wake hazuiwi na mtu. Dua inaweza kusomwa ndani ya gari linaloelekea hospitali.

Neno la pamoja kwa majirani

Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 1990 ilichapishwa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Siku hizi Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Kazi ya istilahi haikuanza jana, lakini katika tiba ina ugumu wake. Daktari aliyesomea Kampala anasema "artery". Mwenzake wa Bujumbura au Goma aliyesoma kwa Kifaransa anasema "artère". Mwanafunzi wa shule ya msingi ya Tanzania ameandika ateri katika daftari lake.

Katika hili ateri ina bahati. Wote watatu wakikaa meza moja wataelewana bila mkalimani, kwa sababu kila mmoja ameurithi mzigo ule ule wa Kigiriki. Hakuna nchi itakayosema imelazimishwa neno la jirani. Mgonjwa naye anabaki na mshipa wake, ambao hana sababu ya kuuacha. Anahitaji tu mtu wa kumwuliza ni mshipa upi, na kumweleza kinachopita ndani yake.

Hapo ndipo kazi iliyobaki ilipo. Wagiriki walipewa ateri yenye jina la hewa, wakaamini ina hewa. Galen aliikata mbele ya macho ya watu, na hewa ikatoka akilini hata kama ilibaki katika jina. Katika vijiji na mitaa yetu jina limefika likiwa safi, vitabuni na kwenye kuta za zahanati. Upepo wenyewe ndio bado haujatolewa, na hautatolewa na kamusi. Utatolewa na mwuguzi anayefungua kitambaa cha presha, akamwambia mgonjwa namba aliyoiona, kisha akatumia dakika mbili kumweleza, kwa Kiswahili anachokielewa, kwamba kilichosukuma mashine ile ni damu.